Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Methali hii tulifundishwa shuleni kama sifa ya ukarimu wetu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwalimu alitueleza kwamba mgeni akifika, kuku huchinjwa, na hata mwenye nyumba aliyeshinda juma zima akila sukuma wiki naye huonja mnofu. Maana hiyo sina ugomvi nayo. Lakini kupona kuna maana nyingine: kuokoka, kutoka salama palipokuwa na hatari. Kila nikisikia kwamba wageni kadhaa wamenaswa nchini wakiendesha biashara haramu, ni maana hii ya pili inayonijia. Mgeni anakamatwa, anapigwa picha, anapandishwa ndege. Mwenyeji anapona.

Mambo mawili huwa tunayatenganisha na mimi nadhani ni jambo moja. La kwanza ni kanuni kwamba mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitishwe mahakamani. La pili ni swali la Wakenya waliomfungulia geti huyo mgeni anayeshtakiwa. Watu wengi huona kanuni hiyo kama huruma ya bure kwa wahalifu, na swali hilo kama uchochezi. Historia yetu ya karibu inaonyesha kwamba tukiitupa kanuni, swali nalo linaondoka nayo.

Tuanze na Runda. Ni mtaa wa kifahari kaskazini mwa Nairobi, karibu na makao ya Umoja wa Mataifa pale Gigiri. Nyumba zake zina kuta ndefu, nyaya za stima juu ya ukuta, na soja anayekuuliza unaenda kwa nani. Mwishoni mwa Novemba 2014 moto ulizuka katika nyumba moja huko na raia mmoja wa China akafariki. Polisi walipofika walikuta mambo ambayo si ya kawaida katika nyumba ya familia: watu wengi mno, kompyuta, vifaa vya simu na intaneti. Msako ukapelekwa kwenye nyumba nyingine. Kufikia siku za kwanza za Disemba, watu waliokamatwa walikuwa wamefika 77.

Ukikumbuka wiki hiyo utakumbuka jinsi maneno yalivyofura. Polisi walisema vifaa hivyo vingeweza kuingia kwenye akaunti za benki, kwenye M-Pesa, kwenye mashine za ATM. Afisa mkuu wa upelelezi akasema watu hao walikuwa wakijiandaa kuvamia mifumo ya mawasiliano ya nchi. Wizara ya Mambo ya Nje ikamwita mwakilishi wa ubalozi wa China ajieleze. Mtaani nako kesi ilikuwa imekwisha kabla haijaanza. Kwa kinyozi wangu walikuwa majasusi. Kwenye matatu walikuwa wanajeshi. Sokoni walikuwa wezi wa M-Pesa, na kuna mama aliyeapa kwamba ni wao waliomlia elfu tatu zake za chama.

Kisha wakafikishwa mahakamani, na mashtaka yakasomwa: kuwa nchini kinyume cha sheria, na kuendesha vifaa vya mawasiliano bila leseni. Ni hayo tu. Kutoka kuvamia mifumo ya nchi hadi kukosa leseni ni mwendo mrefu, bana, na hakuna aliyetueleza tulivyoutembea. Pengine polisi walikuwa sahihi lakini hawakuwa na ushahidi wa kutosha. Pengine walitia chumvi mbele ya kamera. Mahakama ndiyo mahali pa kulijua hilo.

Aprili 5, 2016, zaidi ya mwaka mmoja baadaye, mahakama jijini Nairobi iliwaachilia huru washtakiwa 37, miongoni mwao Wataiwan 23. Upande wa mashtaka ulikuwa haujathibitisha kesi yake. Mtu akishaachiliwa na mahakama hurudishiwa pasipoti yake na kwenda zake, au si hivyo? Siku tatu baadaye Wataiwan wanane walipandishwa ndege, na ndege hiyo haikwenda Taipei, ilikwenda China Bara. Aprili 12 wakafuata wengine 37. Jumla ya Wataiwan 45 walisafirishwa hivyo. Baadhi yao walikuwa wameachiliwa na hakimu juma lililotangulia, na wengine walikuwa wametiwa mbaroni katika msako mpya mwezi huohuo. Serikali ya Taiwan ilipiga kelele kwamba raia wake wametekwa. Ilidai kwamba polisi waliwatoa kwenye selo kwa gesi ya machozi na kwamba amri ya mahakama ya kuzuia safari hiyo ilipuuzwa. Nairobi ikajibu kwamba watu hao walitoka China na sasa wamerudishwa China, na kwamba Kenya haina uhusiano rasmi na Taiwan.

Hadithi haikuishia hapo. Disemba 2017 mahakama moja ya Beijing iliwatia hatiani watu 85, wakiwemo Wataiwan 44, kwa ulaghai wa simu ulioendeshwa kutoka Kenya na Indonesia. Vifungo vilifika hadi miaka 15. Mbinu yenyewe ilikuwa kumpigia simu mtu aliye China, kujifanya afisa wa serikali, kumtisha, na kumfanya atume pesa zake. Waliolizwa walikuwa raia wa kawaida, baadhi yao wakipoteza akiba ya miaka mingi.

Nayataja haya ya Beijing makusudi, maana kuna msomaji ambaye tayari ananiona wakili wa matapeli. La hasha. Mimi sisemi kwamba watu wa Runda walikuwa malaika. Ninachosema ni kwamba hakimu wetu alisikiliza kesi, akapima ushahidi ulioletwa mbele yake, akatamka neno. Na neno lake halikupewa hata wiki moja. Tena nchi iliyosema haikuweza kuthibitisha kitu ndiyo nchi ambamo nyumba zilikodishwa, laini za intaneti zikavutwa, umeme ukalipiwa na viza zikagongwa mihuri. Ushahidi ulikuwa kwetu. Hukumu ikatolewa Beijing.

Fikiria jinsi kazi kama ile inavyoendeshwa. Huwezi kuwaweka makumi ya watu katika nyumba za kifahari jijini bila wenyeji. Kuna mwenye nyumba na kuna wakala aliyechukua asilimia yake. Kuna mkataba wa kukodisha wenye jina na sahihi. Kuna mtu aliyeleta intaneti ya kasi kubwa mno kwa nyumba ya kuishi, na fundi aliyepanda ngazi akaiunganisha. Kuna karani wa uhamiaji, kuna dereva, kuna mpishi, kuna soja. Kuna muuza duka aliyeshangaa mchele unaonunuliwa kwa magunia na watu wasiotoka nje. Na kwa kuwa hii ni Kenya, tusijifanye hatujui, huenda palikuwa na afisa mmoja au wawili walioona na wakaona vyema kutoona.

Wengi kati ya hawa hawana kosa lolote. Mpishi amepika, amelipwa, amekwenda nyumbani kwake Githogoro. Mwenye nyumba huenda yuko ng'ambo, kodi inaingia benki, na mtaa wenyewe ulijengwa ili watu wasiulizane. Ni yuleyule mshtakiwa wa Katiba anayestahili kudhaniwa hana hatia, naye hata hajashtakiwa. Kwa hivyo siwezi kuondoa kelele za "Wachina!" nikaweka kelele za "mwenye nyumba!" Hilo lingekuwa kosa lilelile limevaa shati lingine. Lakini kati ya asiyejua na aliyelipwa ili asijue kuna tofauti, na tofauti hiyo inapatikana kwa njia moja tu: kuuliza kwa utaratibu, mbele ya watu, huku karatasi zikiwa mezani. Hiyo ndiyo kazi ya kesi.

Hapa ndipo ninapotaka tuelewane. Kanuni ya kutokuwa na hatia si zawadi kwa mshtakiwa peke yake. Ni mzigo anaobebeshwa anayeshtaki. Inamwambia: thibitisha. Na ili athibitishe, lazima alete mkataba wa nyumba, na mkataba una jina la Mkenya. Lazima alete rekodi za kampuni ya intaneti, nazo zina jina la Mkenya. Lazima amwite afisa wa uhamiaji aeleze viza ilitolewaje, na afisa huyo ni Mkenya. Ushahidi dhidi ya mgeni umeandikwa karibu wote kwa mkono wa mwenyeji. Ukiamua kwamba mgeni ana hatia kwa sababu sura yake inatosha, huhitaji tena kufungua faili. Na faili likibaki limefungwa, mwenyeji amepona.

Lugha yetu imejaribu kutusaidia. Kiswahili kina ngazi nzima ya maneno ya kupandia polepole: mtu anayetajwa, mshukiwa, mshtakiwa, aliyepatikana na hatia, mfungwa. Kuna "inadaiwa" na kuna "imethibitishwa". Mtangazaji wa saa moja jioni husoma "washukiwa" kwa sauti nzuri kabisa, huku kamera ikiwaonyesha watu wamekalishwa chini, vichwa vimeinamishwa, vifaa vimepangwa mbele yao kama samaki sokoni. Neno linasema ngazi ya pili, picha inasema ngazi ya mwisho. Sisi tunaamini picha. Tena tuna methali ya kutuunga mkono: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Ni methali tamu, lakini ole wako ikitumiwa na hakimu.

Miaka minane kabla ya moto ule, Runda hiyohiyo iliwahi kukaribisha wageni wengine. Mwaka 2006 Wakenya walijifunza majina ya watu wawili waliojitambulisha kama ndugu kutoka Armenia, Artur Margaryan na Artur Sargsyan. Waliishi Runda kifahari. Walihusishwa na uvamizi wa Machi 2006 katika gazeti la Standard na kituo cha KTN, ambapo mitambo iliharibiwa na magazeti kuchomwa. Waliitwa mamluki, waliitwa walanguzi wa mihadarati. Juni 8 mwaka huo wakazua vurugu katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, wakawatolea maafisa wa forodha bastola kwa sababu ya mizigo iliyotakiwa kukaguliwa. Nchi nyingine ingewafungulia mashtaka asubuhi yake. Sisi tuliwafukuza nchini. Siku iliyofuata walikuwa hewani kuelekea Dubai.

Mtu anayetoa bastola uwanja wa ndege mbele ya mashahidi ni kesi ambayo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sheria angeishinda. Kwa nini basi haraka ile? Jibu lilianza kuchungulia baada ya Rais Kibaki kuunda tume chini ya aliyekuwa kamishna wa polisi, Shedrack Kiruki. Ilisikika kwamba wageni hao walikuwa na pasi za kuingia sehemu za uwanja zisizoruhusiwa watu wa kawaida. Walikuwa na vitambulisho vilivyowapa vyeo vya juu katika polisi ya Kenya. Pasi haijitengenezi. Kitambulisho cha polisi hakiokotwi River Road, au kikiokotwa huko, kuna aliyekiacha kitumike. Mkurugenzi wa upelelezi wa jinai akasimamishwa kazi kwa muda. Ripoti ikakabidhiwa Ikulu, na wananchi wakakaa wakiisubiri ichapishwe. Kesi ya jinai ambayo ingewaweka wenyeji kwenye kiti cha mashahidi, waapishwe na kuulizwa maswali na mawakili, ilikuwa tayari imeondoka na ile ndege ya Dubai.

Watu hushangilia mgeni anapofukuzwa. Huonekana kama ushupavu wa serikali. Mimi naona kwamba katika visa hivi viwili vya Runda, ndege ilifanya kazi ambayo mahakama haikuruhusiwa kuimaliza. Mara ya kwanza iliwaondoa watu kabla ya kushtakiwa. Mara ya pili iliwaondoa baada ya kuachiliwa. Kati ya kabla na baada ndimo ukweli hupatikana, na huko katikati sisi hatukai sana.

Kuna watakaosema kwamba kanuni hii yenyewe ni ya kigeni, tumeletewa na Mwingereza pamoja na mawigi. Ni kweli imo katika sheria aliyotuachia. Ilikuwa katika kifungu cha 77 cha Katiba ya zamani na sasa iko katika ibara ya 50 ya Katiba ya 2010, ambayo inasema kila mshtakiwa, haisemi kila raia. Lakini Mwingereza huyohuyo hakututendea hivyo alipokuwa hapa. Waulize wazee wa Kati na wa Nairobi kuhusu Aprili 1954, Operesheni Anvil, wakati jeshi lilipoufunga mji mzima na kukamata zaidi ya watu 20,000 katika msako wa Mau Mau. Wakikuyu, Waembu na Wameru walikalishwa chini, na wengi wakapelekwa kambi za Lang'ata, Mackinnon Road na Manyani bila kesi yoyote.

Katika misako ya miaka hiyo alikuwako mtu aliyeitwa gakunia. Alikuwa amefunikwa gunia kutoka kichwani, limetobolewa matundu mawili ya macho. Watu walipitishwa mbele yake mmoja mmoja. Akitikisa kichwa hivi, unakwenda nyumbani. Akitikisa vile, unakwenda kizuizini, na unaweza kukaa huko miaka. Hakuna aliyemuuliza alijuaje. Hakuna aliyejua kama alikuwa anamlipiza jirani kisasi cha shamba. Gunia lilikuwa mahakama, shahidi na hukumu.

Nikimfikiria gakunia naona mambo yangu mawili yamekutana mahali pamoja. Kwa upande mmoja kuna mtu anayehukumiwa bila kuthibitishwa lolote. Kwa upande mwingine kuna mwenyeji anayefanya kazi na mgeni mwenye nguvu, na uso wake hauonekani. Mfumo uliokubali hukumu bila ushahidi ulihitaji gunia. Mahakama ya kweli ingemwambia avue, aseme jina lake, aape. Ndiyo maana sikubali kwamba kanuni hii ni anasa ya Wazungu. Babu zetu walilipia kukosekana kwake, na waliomsaidia mkoloni kuwakosesha walifichwa na kukosekana kulekule.

Sasa tushuke kutoka Runda, tusije tukadhani haya ni ya matajiri tu. Kufikia mwaka 2018 hakukuwa na mtaa wa hali ya chini au kituo cha soko mashambani kisichokuwa na mashine ya kamari, zile tulizoziita bonanza. Mtaani kwetu zilikuwa tatu: mbili kwenye vibanda na moja kwenye duka la nyama. Unatia sarafu ya shilingi 20, taa zinazunguka, mashine inaimba, sarafu imekwenda. Watoto wenye sare za shule walisimama kwenye foleni na nauli zao. Sote tulisema ni mashine za Wachina, na ni kweli kwamba nyingi zilitengenezwa China na baadhi ya waliozisambaza walikuwa wageni. Serikali ilipoanza msako, mashine zilikusanywa zikachomwa hadharani, na tukapiga makofi.

Lakini nilikuwa namjua mwenye kibanda. Ni jirani, na jina lake si la gazeti. Kila wiki alikuja kijana na pikipiki, Mkenya, akafungua mashine kwa ufunguo, wakahesabu sarafu, wakagawana. Nilimuuliza siku moja, si kwa ubaya, kama haoni wale watoto. Akanijibu, "Mwalimu, hiyo pesa ndiyo inalipa karo ya wangu." Akaongeza kwamba askari wa kituo cha jirani nao hupita Ijumaa. Kuhusu askari sina ushahidi zaidi ya maneno yake, na kwa hoja yangu mwenyewe, maneno yake hayatoshi. Ila mashine ilipochukuliwa na kuchomwa, aliyelaaniwa alikuwa Mchina ambaye hakuna mtu mtaani kwetu aliyewahi kumwona. Jirani yangu alilaani naye, tena kwa sauti.

Je, kuna mahali katika ukanda wetu ambapo mambo yalikwenda tofauti? Nenda Dar es Salaam. Oktoba 2015 ilitangazwa kwamba Yang Fenglan amekamatwa, mama wa Kichina mwenye umri wa miaka 66 aliyefika Tanzania miaka ya 1970 kama mkalimani wakati wa ujenzi wa reli ya TAZARA. Alisoma Kiswahili, akaishi nchini miongo kadhaa, akafungua mkahawa. Magazeti ya dunia yalimpa jina hapohapo: Malkia wa Pembe za Ndovu. Alikuwa amevishwa taji kabla ya shahidi wa kwanza kuitwa, kwa hivyo hata huko kelele hazikukosekana.

Ila hakufukuzwa nchini. Alishtakiwa katika Mahakama ya Kisutu kwa biashara ya vipande 860 vya pembe, kati ya mwaka 2000 na 2014. Kesi ilichukua zaidi ya miaka mitatu, na watu wakalalamika kwamba inavutwa. Februari 19, 2019 hakimu alimtia hatiani na kumpa kifungo cha miaka 15. Na hakuwa peke yake kizimbani. Watanzania wawili walitiwa hatiani pamoja naye, kwa kifungo kama chake.

Sisemi Kisutu ilikamata kila mtu. Vipande 860 vya pembe havibebwi mgongoni na watu watatu. Kuna aliyepiga risasi, kuna aliyeendesha lori, kuna bandari, kuna waliofunga macho. Lakini kwa sababu upande wa mashtaka ulilazimika kuthibitisha, ulilazimika kueleza mtandao, na mtandao haukuweza kuelezwa bila wenyeji. Miaka mitatu ile iliyowachosha watu ndiyo iliyowafanya Watanzania wawili wasimame pale. Kama Mama Yang angepandishwa ndege Oktoba ile ya 2015 kwa shangwe, leo tungekuwa na malkia bila ufalme.

Najua pingamizi moja nzito. Mtu ataniambia: wewe unaongea kana kwamba mahakama zetu ni safi. Mwenye pesa ananunua wakili, ananunua muda, mashahidi wanapotea, faili linapotea, na hiyo kanuni yako inageuka mwavuli wa wenye nacho. Ni kweli, na nimeyaona. Lakini angalia vizuri nani anajificha chini ya mwavuli huo. Shahidi anapotea kwa sababu kuna Mkenya aliyempoteza. Faili linapotea katika masijala ya Mkenya. Dawa ya mahakama iliyooza ni kuisafisha, si kuikwepa, maana ukiikwepa umewapa walewale walioioza njia fupi zaidi. Mgeni asiye na mtu ndiye atakayepandishwa ndege. Mgeni mwenye mtu hatapandishwa, na hutajua mtu wake ni nani.

Wala sisahau wanaoumia. Huyo Mchina mzee aliyetapeliwa kwa simu kutoka Nairobi alistahili kujua mtego ulitegwaje, wote, pamoja na sehemu yake ya Kenya. Mama aliyekuwa mtaani kwetu mwanawe akiiba nauli kulisha bonanza alistahili kujua faida ilikwenda kwa nani. Kuwatupia sura ya mgeni na kuwaambia kesi imekwisha ni kuwadanganya.

Litakuja tena. Mwaka huu au ujao tutaambiwa wageni wamekamatwa kwenye nyumba fulani, ghala fulani, machimbo fulani, na picha itakuwa ileile ya vichwa vilivyoinamishwa. Siku hiyo ningependa tuulize maswali machache kabla ya kupiga makofi. Wameshtakiwa kwa kosa gani hasa, na linalingana na tulilotangaziwa? Nyumba ni ya nani, na mkataba ulisainiwa na nani? Kibali kilitolewa na ofisi gani? Nani aliyekuwa akija Ijumaa? Na kama wanapelekwa uwanja wa ndege kabla hakimu hajasema lolote, au baada ya kusema, ni nani hapa nyumbani ambaye usiku huo atalala vizuri?

Wanaweza kuwa na hatia, wote. Basi ithibitishwe hapa, kwa sauti, na kila jina lililo kwenye faili lisomwe, pamoja na yale yanayofanana na yetu.